Niliyojifunza kwa Jaji Edwin Cameron

Mawakili vijana wakiniuliza waanze na hukumu za nani, huwatajia Edwin Cameron wa Afrika Kusini. Baadhi huguna. Mandela alimteua kuwa jaji mwaka 1994, naye hakuwa akificha kwamba anapenda wanaume wenzake. Kwangu mimi, hakuna jaji wa Afrika aliyenifunza mengi kuliko yeye.

1. Mshtakiwa ana watu nyuma yake

Cameron alizaliwa Pretoria mwaka 1953. Baba yake alifungwa kwa wizi wa gari, na watoto wakapelekwa kulelewa kwenye kituo. Dada yake mkubwa alipofariki, baba aliletwa mazishini chini ya ulinzi wa askari magereza. Hapo ndipo mtoto yule alipokutana na sheria kwa mara ya kwanza.

Niliyasoma hayo wakati nikiwatetea mahabusu. Siku za kutembelea wafungwa, langoni palikuwa na watoto waliovalishwa nguo za sikukuu, mkononi mfuko wa sabuni na mkate. Tangu hapo, kila ninapoomba dhamana naieleza mahakama ni nani anayemsubiri mshtakiwa nyumbani.

Cameron naye hakusahau. Mwaka 2015, akiwa jaji wa Mahakama ya Katiba, alikagua gereza la Pollsmoor, Cape Town, akaandika wazi jinsi mahabusu walivyorundikana. Alistaafu mwaka 2019, na mwaka uliofuata akawa jaji mkaguzi wa magereza.

2. Aliye na kinga ndiye atangulie kusema

Desemba 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu aliuawa na kundi la watu baada ya kutangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI. Miezi michache baadaye, Aprili 1999, Cameron alikaa mbele ya Tume ya Utumishi wa Mahakama kuomba kiti cha Mahakama ya Katiba, akasema hadharani kwamba naye anavyo. Hoja yake ndiyo iliyonishangaza: mwanamke maskini amesema bila ulinzi wowote, mimi mwenye mshahara na cheo nanyamaza kwa sababu gani?

Kiti kile hakukipata mwaka huo. Alikwenda Mahakama Kuu ya Rufani, na Mahakama ya Katiba akaingia mwaka 2009. Wewe unayelenga ujaji, litazame hilo vizuri: ukweli haukumfungia njia.

Julai 2000, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban, aliwaambia wajumbe kwamba yu hai kwa sababu ana pesa ya kununua dawa. Wakati huo Rais Mbeki alikuwa akitilia shaka sayansi ya ugonjwa wenyewe, na mamilioni ya Waafrika hawakuwa na dawa.

3. Kesi hushinda au hushindwa miaka mingi kabla

Mwaka 2004, katika kesi ya Fourie, wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja waliomba ndoa yao itambuliwe. Cameron, akiwa Mahakama Kuu ya Rufani, ndiye aliyeandika hukumu ya majaji walio wengi: maana ya ndoa ipanuliwe iwajumuishe. Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ikalipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria, na Novemba 2006 sheria ikapita.

Lakini yote hayo yalisimama juu ya maneno machache ya kifungu cha 9 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi. Cameron alikuwa miongoni mwa waliopigania maneno hayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla hajawa jaji, wakati hakuna aliyejua yatakuja kumfaa nani. Kazi ya namna hiyo haina makofi, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Basi itafute hukumu ya Fourie. Isome yote mpaka mwisho, ndipo usikilize watu wanasema nini kuhusu aliyeiandika.