SOMO LA WIKI: Bloku iliyopasuka — itengenezwe, iuzwe, au ipelekwe mizani ya chakavu?

MAKAMBAKO — Trekta kongwe bado zinafanya kazi nyingi katika mashamba ya mahindi na viazi ya Njombe na Makambako. Miongoni mwake ni Massey Ferguson 135, aina iliyoingia sokoni mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Bloku ya injini ya namna hiyo inapopasuka, mwenye trekta ya kukodisha hujikuta na njia tatu mbele yake, na mara nyingi huchagua kwa hasira au kwa mapenzi ya mali ya zamani. Somo la wiki hii linaonyesha namna ya kuchagua kwa hesabu.

Kwanza, ufa uko wapi?

Kabla ya kuzungumza bei, bloku ivuliwe kila kitu, ioshwe na ikaushwe. Njia rahisi ya kuutafuta ufa ni kupaka mafuta ya taa, kuyafuta vizuri, kisha kupaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Baada ya hapo, karakana yenye vifaa izibe matundu ya maji, ijaze upepo na kuangalia mapovu. Kipimo hiki cha pili kisirukwe, kwa kuwa jicho huona ufa mmoja pale penye mitatu.

Ufa ulio kwenye ukuta wa nje wa njia ya maji hutengenezeka. Uliopita kwenye silinda usikatishe tamaa haraka, maana Perkins hii hutumia lineri kavu zinazobadilishwa. Muhimu ni kujua kama ukuta ulio nyuma ya lineri ni mzima. Lakini ufa uliofika kwenye makalio ya beringi kubwa za kranki, au bloku iliyotobolewa na konrodi hadi sehemu hizo, hiyo ni chakavu. Asitokee fundi wa kumshawishi mwenye mali vinginevyo.

Kuchomelea si kama kuchomelea geti

Bloku ni chuma cha kalibu, chenye kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida. Kikipata moto mahali pamoja na kupoa ghafla, hupasuka tena pembeni ya mshono. Fundi anayekijua hutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, hutumia vijiti vya nikeli, huchomelea vipande vifupi vifupi na kuacha bloku ipoe taratibu. Njia nyingine ni kushona ufa kwa pini za chuma bila moto. Anayeahidi kumaliza kazi kwa nusu saa kwa vijiti vya kawaida aogopwe.

Hesabu yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za soko lake. Pistoni, ringi na gasketi zitanunuliwa vyovyote vile, hivyo zinaachwa nje ya hesabu. Fedha zilizokwisha kutumika mwaka jana nazo ziachwe nje, kwani hazirudi kwa njia yoyote kati ya hizi tatu.

Tuseme kushona ufa na kupima ni sh. 500,000, na usafiri wa kwenda na kurudi karakana ya Mbeya au Iringa ni sh. 150,000. Jumla ni sh. 650,000. Bloku nyingine iliyotumika, iliyopimwa na kufikishwa Makambako, ni sh. 1,100,000. Ile mbovu fundi anainunua sh. 200,000, kwa hiyo gharama halisi ya kubadilisha ni sh. 900,000. Kwa haraka, kutengeneza kunaonekana nafuu kwa sh. 250,000.

Lakini matengenezo hayafanikiwi kila mara. Tuseme katika kazi nne, moja hushindikana. Ikishindikana, mwenye mali atanunua bloku ya sh. 1,100,000, na ile ya kwanza itakwenda kwa kilo: kilo 80 kwa sh. 700 ni sh. 56,000. Hasara hiyo ni sh. 1,044,000, na robo yake ni sh. 261,000. Ikijumlishwa, kutengeneza kunagharimu sh. 911,000. Unafuu wote umekwisha.

Hapo ndipo msimu unapoamua. Ufa ukigunduliwa baada ya mavuno, muda wa kujaribu upo na bei inaweza kujadiliwa. Ukigunduliwa Novemba, mvua zikikaribia na wateja wa kulimiwa wameshatoa ahadi, siku kumi za kusubiri zinaweza kula mapato yanayosomesha watoto mwaka mzima. Wakati huo bloku iliyopimwa ndiyo nafuu, hata kama bei yake ni kubwa.

Ukongwe si uadimu

Wapo wanaodhani kitu cha zamani lazima kiwe na bei. Injini hii ya Perkins iliendelea kuundwa kwa leseni nje ya Uingereza, ikiwamo Pakistan, kwa hiyo spea zake zinapatikana na bei ya bloku mbovu haiwezi kupanda sana. Kinyume chake, injini ambayo spea zake zimetoweka yaweza kustahili matengenezo ghali, mradi mnunuzi wa chombo kizima anajulikana kwa jina na si kwa matumaini.

Anayeuza azingatie haya

Pampu ya dizeli, silinda hedi na kranki viuzwe peke yake. Vifuniko vya beringi kubwa visitenganishwe na bloku, kwani vilichongwa pamoja nayo na havihamishiki. Ufa usifichwe kwa rangi, mnunuzi aonyeshwe. Anayeuza kwa kilo adai risiti kutoka kwa mnunuzi mwenye kibali. Na anayebadilisha bloku akumbuke kuwa namba ya injini iko kwenye kadi, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA.

Mwisho, chanzo kitafutwe. Rejeta iliyoziba, maji baridi yaliyomwagwa kwenye injini ya moto, au maji yaliyoachwa usiku wa baridi kali ya Juni na Julai katika nyanda za juu za Njombe: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha kalibu hakinyumbuliki. Asiyeondoa chanzo atarudia hesabu hii msimu ujao, kwa bloku mpya.