"Sikula haramu hata tonge moja": Somo kuhusu mlo wa mgahawa wa Kiitaliano



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, somo letu la leo linatokana na mgonjwa aliyeingia kliniki miezi kadhaa iliyopita.

Alikuwa mama wa makamo, mcha Mungu, aliyerejea kutoka Marekani alikokaa miezi minne kwa binti yake katika jimbo la Ohio. Ana kisukari na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na vidonge vyake alikuwa akivimeza. Nilipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110 na sukari ilikuwa 17. Miguu ilikuwa imevimba. Kilichonitisha zaidi ni kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kilichokuwa na wiki tano bila kufunga. Sisi matabibu tunajua kidonda cha aina hiyo kinaweza kuishia wapi.

Nikamuuliza alikuwa akila nini. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Mwanangu, sikula haramu hata tonge moja."

Alisema kweli. Kila Jumapili baada ya Adhuhuri binti yake na mkwewe walimpeleka kwenye mgahawa wa Kiitaliano. Nguruwe waliuliza, mvinyo waliuliza. Lakini mkate wa moto uliopakwa siagi na kitunguu saumu uliletwa bure, ukiisha unaongezwa. Pasta ya krimu ililetwa sahani iliyojaa. Soda nayo ikiisha inajazwa. Na mabaki yalifungwa, yakaliwa Jumatatu na Jumanne. Siwezi kusema mgahawa peke yake ndio ulioleta maradhi, kwani nyumbani pia alikuwa hatembei kwa sababu ya baridi. Lakini tulipokaa na kuhesabu, sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mezani.

Waislamu wengi wa kwetu wana watoto au ndugu huko ughaibuni, na wengi hualikwa kuwatembelea. Kwa hiyo somo hili linawahusu waendao na wawaalikao.

MILANGO MIWILI

Katika Suratul Baqarah, aya ya 168, Allah (S.W.) ametuamrisha tule vilivyo halali na vizuri, yaani halali na twayyib. Na katika Suratul A'raaf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza israfu. Hii ni milango miwili, na chakula cha Muislamu hupita yote miwili. Mlango wa kwanza unauliza: ndani ya sahani mna nini? Wa pili unauliza: ni kiasi gani, na kinaufaa mwili wangu? Yule mama aliulinda wa kwanza, wa pili akauacha wazi.

MIGAHAWA YENYEWE NI IPI?

Marekani kuna makampuni ya migahawa yenye matawi mengi yanayofanana, menyu moja na bei karibu moja. Kwa upande wa chakula cha Kiitaliano, inayojulikana zaidi ni Olive Garden, iliyoanza mwaka 1982 mjini Orlando, Florida, na ambayo sasa ina matawi zaidi ya 900. Huo si mgahawa aliokuwa akienda mama yetu, nautaja kwa sababu habari zake ziko wazi kwa kila mtu. Ni mahali pa familia. Watoto wanakaribishwa, bei si ya kutisha, na ukiagiza mlo mkuu unapata mikate mirefu myembamba pamoja na supu au kachumbari ya majani, na huongezwa kila unapoomba. Kwa mgeni kutoka kwetu, ukarimu huo unapendeza. Ndiyo maana lazima tuuelewe.

MLANGO WA KWANZA: KILICHOMO NDANI

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa nguruwe atajitambulisha kwa jina lake. Katika menyu ya Kiitaliano ana majina mengi. Yaandike pembeni:

1. Prosciutto, pancetta, guanciale, mortadella na salami kwa kawaida ni nguruwe. Pepperoni nayo mara nyingi ina nguruwe.

2. Soseji ya Kiitaliano ikitajwa bila maelezo mengine, huko Marekani chukulia kuwa ni ya nguruwe. Nayo hujificha ndani ya supu. Supu ya Zuppa Toscana, inayopendwa sana, ina soseji hiyo.

3. Sosi ya nyama juu ya tambi mara nyingi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Usitosheke na jibu la "ni nyama ya ng'ombe." Uliza kama ndani yake kuna soseji.

4. Supu ya minestrone ni ya mboga na maharage, nayo aghalabu ndiyo nafuu. Hata hivyo uliza kama imeanzishwa kwa mchuzi wa nyama.

Kuhusu ulevi, jina la Marsala lina maana ya mvinyo. Sosi ya vodka ni kama inavyojiita. Tiramisu, kitamu cha kahawa na krimu, katika mapishi mengi hutiwa Marsala au ramu. Tena mapishi yake ya asili yana mayai mabichi, ambayo mjamzito, mzee na mtoto mdogo hawafai kuyala kwa kuhofia vijidudu vya salmonela.

Utasikia watu wakisema: "Ikipikwa, pombe yote hupaa." Kitaalamu si kweli. Majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonesha kuwa pombe iliyochanganywa na chakula na kuchemshwa kwa dakika 15 hubaki kiasi cha asilimia 40. Kwa dakika 30 hubaki asilimia 35, na kwa saa nzima hubaki asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu bado hubaki asilimia 5. Ama hukumu yake, tunajua Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kinacholevya kwa wingi wake, kidogo chake pia ni haramu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa hoja ya jiko.

Jibini nayo ina suala. Jibini gumu la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, na wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kimeng'enya cha mnyama asiyechinjwa kisharia. Vivyo hivyo nyama ya kuku na ng'ombe katika migahawa ya kawaida ya huko. Mimi ni tabibu, si mufti. Muulize sheikh wako kabla ya safari, ukifika huko uwe na msimamo. Kwa anayetaka kujiepusha na shaka ya nyama, samaki na kamba wapo. Kwao pia uliza sosi, na uliza kama mafuta ya kukaangia au kikaango ndicho kile kile cha nguruwe.

Usione haya kuuliza. Wahudumu wa huko wamezoea maswali ya wenye mzio wa karanga au maziwa, na lako ni kama hayo. Mhudumu asipojua, mwombe aulize jikoni. Akirudi na jibu la kubahatisha, acha chakula hicho. Hadithi ya Nuuman bin Bashiri (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim imetufundisha kuwa anayejiepusha na yenye shaka ameilinda dini yake na heshima yake. Aidha, omba meza iliyo mbali na baa.

MLANGO WA PILI: KIASI

Hapa ndipo penye maafa ya kimya kimya. Mkate mmoja wa Olive Garden, kwa maelezo ya mgahawa wenyewe, una kalori kama 140. Mtu akila mitatu akisubiri chakula, ameshapata 420 kabla sahani haijafika. Pasta ya Fettuccine Alfredo, ambayo ni siagi, krimu na jibini, hupita kalori 1,000. Hesabu inayotumika kwa mtu mzima wa kawaida ni 2,000 kwa siku nzima. Kwa mlo mmoja, kabla ya soda na kitamu, mtu amevuka theluthi mbili.

Mkate mweupe na pasta ni wanga, na wanga tumboni huwa sukari. Mwenye kisukari anayejizuia chai ya sukari kisha akala mikate minne hajajizuia.

Chumvi nayo haionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Supu, sosi, jibini na mkate vyote vina chumvi, na mlo mmoja wa mgahawani unaweza kukimaliza kipimo hicho. Chumvi huvuta maji mwilini, presha hupanda, na miguu ya mgonjwa huvimba.

Alhamdulillah, upo msaada. Tangu Mei 2018, sheria ya Marekani inaitaka migahawa yenye matawi 20 au zaidi kuandika kalori kwenye menyu, na kutoa maelezo zaidi kwa maandishi ukiomba. Katika maelezo hayo chumvi huandikwa kama sodiamu kwa miligramu. Kumbuka namba moja tu: miligramu 2,000 za sodiamu ni sawa na gramu 5 za chumvi, ndicho kikomo cha siku.

Kuna kisa cha mazingatio. Mwaka 2014 kampuni ya wawekezaji iitwayo Starboard Value ilitoa ripoti ya kurasa karibu 300 kuwalaumu wenye Olive Garden. Miongoni mwa malalamiko yao ni kuwa mikate inaletwa mezani mingi kwa mkupuo, inapoa na kutupwa, wakati utaratibu ulikuwa ni mmoja kwa kila mtu na mmoja wa ziada kwa meza. Watu hao walichungulia israfu kwa ajili ya fedha. Sisi tuna sababu iliyo kubwa zaidi.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, ametuelekeza kwamba kama hapana budi, basi tumbo ligawanywe theluthi tatu: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Pia amefundisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu. Katika mgahawa wa aina hii, sunna hizi mbili ndizo tiba. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kwa kuwa mkate utaushika kwa mkono na menyu imeshikwa na wengi.

2. Agizeni sahani moja kwa watu wawili.

3. Anza na majani na samaki, malizia na wanga. Mpangilio huo hupunguza kasi ya sukari kupanda. Sosi ya kachumbari iletwe pembeni.

4. Mkate uwe mmoja. Ukiisha, mwambie mhudumu asilete mwingine. Kilicho mezani mkono hukifikia bila nia.

5. Kunywa maji.

6. Subiri kama dakika 20 kabla ya kuamua kuwa hujashiba, kwani taarifa ya shibe huchelewa kufika.

Anayetumia insulini ya mlo asijidunge nyumbani kabla ya kutoka. Foleni inaweza kuwa ndefu, sukari ikashuka na mtu akaanguka. Afuate maelekezo ya daktari wake, akiwa amehakikisha chakula kipo. Wala mtu asijiongezee vidonge ili ale zaidi.

MABAKI

Kuchukua mabaki ni jambo jema, maana ni kuepuka israfu. Lakini yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu yapakuliwe, na ndani ya saa moja ikiwa joto la nje limepita nyuzi 32. Yaliwe ndani ya siku tatu hadi nne, yakipashwa moto mpaka katikati yatoe mvuke. Na mgonjwa wa kisukari akumbuke kuwa mabaki ni mlo ule ule, hayajapungua wanga kwa kulala kwenye friji.

NENO KWA WENYEJI

Ndugu zetu mlioko huko, wazazi wetu wana haya. Mama hatakataa sahani uliyoilipia, atakula asikuvunje moyo. Basi jukumu ni lako. Muulize dawa zake, mwagizie samaki na mboga, gawana naye sahani, kisha mtembee pamoja nusu saa, hata ndani ya jengo la maduka kama nje ni baridi. Huo ndio wema kwa wazazi katika zama za kisukari.

Ama mama yetu, tulimbadilishia dawa, tukasafisha kidonda kila baada ya siku moja, na akarejea ugali kidogo, mchicha na samaki. Ilichukua wiki saba. Kidonda kimefunga na kidole kimebaki mahali pake. Alipokuja mara ya mwisho aliniambia binti yake amemwalika tena mwakani, na kwamba safari hii ataulinda na mlango wa pili. Tumwombee.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja majina matano ya vyakula vya Kiitaliano ambayo aghalabu ni nguruwe.
2. Chakula kilichotiwa mvinyo kikichemshwa nusu saa, hubaki asilimia ngapi ya pombe?
3. Miligramu 2,000 za sodiamu ni gramu ngapi za chumvi?
4. Kwa nini anayetumia insulini ya mlo asijidunge kabla ya kutoka nyumbani?
5. Jadilini na familia: katika nyumba yetu, ni mlango upi kati ya miwili tunauacha wazi?

Wabillahi tawfiiq.