Gego Limevunjika? Usikimbilie Koleo!

Ilikuwa shughuli ya arobaini, sinia moja watu wanne, pilau la kuungwa vizuri. Tonge la tatu, kach! Kokoto. Nikatema kiganjani kipande cheupe chenye ncha, nikajua hilo si jiwe, ni mimi. Shangazi, aliyekaa ng'ambo ya sinia, hata hakupepesa macho: "Kesho kaling'oe, mwanangu, liondoke na maneno yake." Binamu akadakia kwamba siku hizi unapandikiziwa la chuma, shida imekwisha. Yaani nilikuwa na madaktari wawili kabla sijanawa mikono!

Kama na wewe uko njia panda hiyo, haya hapa yatakusaidia kuamua bila kupagawa.

1. Usiamue saa nane za usiku

Jino likiuma usiku, mtu yuko tayari kung'olewa hata taya zima. Tuliza kwanza. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo kilichoandikwa, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Karafuu ya bibi nayo si ushirikina: mafuta yake yana eujenoli, kitu kinachotuliza maumivu, na madaktari wa meno wenyewe huitumia kwenye vizibo vya muda. Aspirini usiipachike kwenye ufizi, itakuunguza. Ila uso ukivimba ukiwa na homa, au ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali usiku huohuo. Na maumivu yakikatika yenyewe baada ya wiki? Usishangilie sana. Huenda kiini cha jino kimekufa, na usaha unajipanga kimyakimya.

2. Kumbuka kung'oa hakuna kurudi nyuma

Jino lililotibiwa likigoma baada ya miaka, bado unaweza kung'oa na kupandikiza. Lililong'olewa halirudi, na mfupa uliolishikilia huanza kusinyaa, zaidi katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana mimi naegemea kuokoa. Tunasema dawa ya jino bovu ni kung'oa, sawa, lakini usemi huo tuwaachie wanaosuluhisha ugomvi wa ukoo. Swali lako la kwanza kwenye kiti cha daktari liwe hili: "Langu linaokoka?"

3. Omba uonyeshwe picha

Usikubali kuambiwa tu "limeoza". Omba picha ya eksirei, na uelekezwe kwa kidole. Yangu ilionyesha gego lililomeguka kona moja, mizizi miwili imesimama wima, mfupa umeikumbatia mpaka juu. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kuna pa kushika. Uliza mambo matatu. Juu ya ufizi limebaki jino kiasi gani? Daktari hutafuta ukuta mzima wa kama milimita 2 kuzunguka, ili kofia ya jino, yaani kifuniko kinachovikwa juu yake, ipate pa kukaba. Mzizi umepasuka kwa urefu? Hapo mara nyingi hakuna la kufanya. Na mfupa je, umeliwa na ugonjwa wa fizi? Kama jino linalegea kidogo tu, fizi zikisafishwa vizuri kwa kina linaweza kukaa nawe miaka mingi bado.

4. Msikilize aliyetibiwa mzizi juzi, si mwaka 1985

Kila familia ina simulizi ya kutisha ya matibabu ya mzizi wa jino. Ukweli ni kwamba unapigwa ganzi, daktari anatoboa juu, anatoa kiini kilichooza, anasafisha vijia vyembamba ndani ya mizizi, kisha anaviziba. Ni ziara moja hadi tatu. Kibaya nilichokipata mimi ni taya kuchoka kwa kukaa mdomo wazi, na mate kunichuruzika bila habari mpaka kwenye daladala.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojiponza: maumivu yakiisha, hawarudi kuvalishwa kofia. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza nyama yake, na ndilo linalotafuna kila siku. Likiachwa wazi, siku moja linapasuka katikati, na fedha yote imekwenda. Weka bajeti ya kofia kabla hujaanza.

5. Jino la kupandikiza ni zuri, ila lina masharti

Tuseme haki, hiki ni kitu cha ajabu. Mswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akakuta vifaa vyake vya titani vimeng'ang'ania mfupani havitoki. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, naye alikaa na meno hayo kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki.

Lakini si kazi ya asubuhi moja. Skrubu huingizwa kwenye taya, na mara nyingi husubiriwa kati ya miezi 3 na 6 mfupa uishike, ndipo jino lifungwe juu. Mfupa ukiwa haba, huongezwa kwanza. Halafu jino la asili limeshikiliwa na nyuzi laini zinazokuambia hata punje ya mchanga imeingia; titani haina nyuzi hizo. Na ingawa la kupandikiza halitoboki, fizi na mfupa wake vinaugua vilevile. Aliyepoteza meno kwa kutopiga mswaki asidhani skrubu itampigia.

6. Jipime wewe mwenyewe

Unavuta sigara? Kisukari kinapanda na kushuka? Unatumia dawa za kuimarisha mifupa? Sema yote kabla, maana haya huweza kuzuia kidonda kupona na skrubu kushika. Kijana ambaye taya bado linakua asubiri kwanza.

7. Linganisha safari nzima, si nauli ya kituo kimoja

Unaambiwa bei ya skrubu, unafurahi, kumbe jino la juu lina bei yake, na mfupa wa kuongeza una yake. Omba hesabu ya maandishi kwa njia zote mbili, kuanzia picha ya kwanza hadi siku unayotafuna muwa. Waulize watu wa bima wanalipia nini, kabla na si baada. Mfuko ukiwa mwembamba, ulizia kliniki za vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili au Chuo Kikuu cha Nairobi. Utakaa kitini muda mrefu zaidi, lakini mwanafunzi anasimamiwa.

8. Mengine yaache yaende

Gego la mwisho kabisa, lililooza mpaka chini ya ufizi? Liage kwa amani, na pengo lake pengine halihitaji kujazwa. Kwa pengo linaloonekana, kuna pia daraja la meno bandia, ingawa kwa kawaida meno ya jirani huchongwa ili libebwe, na kuna meno ya kuvaa na kuvua. Si lazima kila pengo lipate titani.

9. Si kila rangi ya kahawia ni uozo

Ndugu zangu mliokulia Arusha na Kilimanjaro, hili lenu. Madoa yale hutokana na floraidi nyingi kwenye maji mliyokunywa utotoni. Jino lenye doa linaweza kuwa zima kabisa ndani. Kung'oa jino zima ili upandikize jeupe? Hapana jamani. Ulizia kusuguliwa au kufunikwa kwa juu.

10. Likitoka zima, tafuta maziwa

Umeanguka na bodaboda, jino la mbele liko barabarani? Liokote kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi, usilisugue. Lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, lirudishe kwenye tundu lake ukiweza, au liweke kwenye maziwa na ukimbie kwa daktari. Nusu saa ya kwanza ni dhahabu. La utotoni usilirudishe.

Gego langu? Lina kofia sasa, na pilau nalila upande uleule. Ila mchele siku hizi nauchagua mwenyewe, miwani puani, na shangazi ananicheka.