Kutu kwenye plau: usitupe magome ya miwati

Kilimo kimeisha, plau na haro zimeegeshwa nyuma ya nyumba zinanyeshewa. Kutu ikikolea, disiki zinachimbika vishimo, udongo unaganda, trekta inavuta kwa shida na dizeli inaisha haraka. Kama chombo ni cha mkopo ndiyo kabisa, kutu inakula huku wewe unalipa marejesho.

Mlioko Njombe, Mufindi na Lushoto dawa mnayo mlangoni. Ukikata miwati kwa mkaa au nguzo, magome yanabaki yanaoza. Yamejaa tanini, ndiyo maana kampuni ya TANWAT ilianzishwa Njombe mwaka 1949, kutoa tanini ya kulainishia ngozi. Sasa tanini inashikana sana na chuma. Umeshaona kisu kinavyokuwa cheusi ukimenya ndizi mbichi? Ndiyo hiyo. Ikikuta kutu inaigeuza kuwa utando mweusi wa kibluu usioyeyuka kwenye maji.

Osha chombo kwanza, hasa kama kimebeba mbolea, maana chumvi ikibaki chini kutu itaendelea kula ndani kwa ndani. Kikikauka, kwangua kwa brashi ya waya kutu yote inayobanduka. Ile nyembamba iliyong'ang'ania iache, tanini inaihitaji. Ponda magome makavu, yafunike kwa maji, chemsha kama saa moja kwenye sufuria ya alumini (ya chuma itakula dawa yenyewe). Chuja, ikiwa imekolea kama chai ya rangi kali, paka kwa brashi. Acha ikauke, rudia mara mbili tatu mpaka chuma kiwe cheusi.

Hapo wengi wanaishia, na mvua ya kwanza inawaumbua. Utando huo ni mwembamba, peke yake hauzuii maji. Fremu ipake rangi ya mafuta juu yake. Disiki na majembe ya plau usihangaike na rangi, itakwanguka siku ya kwanza shambani. Paka grisi ya kutosha kisha weka chombo chini ya paa, juu ya mbao, kisiguse udongo.

Vyuma vyenye zinki, kama mabati, usivipake. Dawa hii ni ya chuma chenye kutu. Na chuma kilicholiwa mpaka kikatoboka hakirudi, hicho peleka kwa fundi wa kuchomelea. Anza na jembe la mkono la zamani uone rangi inavyogeuka, kisha ndiyo uende kwenye plau.