SINDANO NA NDOANO ZIKIKOSANA WAKATI
Somo la kipimo kidogo cha cherehani



Vikundi vingi vinavyosoma barua hii vina cherehani. Wengine mna moja ya kukanyaga, Singer kuukuu au Butterfly. Wengine mmeongeza ya umeme ile ya viwandani. Mnashona sare za shule, mapazia, mashuka na blanketi za viraka. Na kila mwaka, Januari ikikaribia na wazazi wakiulizia sare, tunasikia lalamiko lile lile: "Mashine inaruka." Inashona hatua mbili tatu vizuri, halafu inaacha pengo. Uzi unachanika, sindano inavunjika, na mwenye kushona anaanza kuangaliwa vibaya.

Somo la leo lina jambo moja. Mashine inayoruka mara nyingi haijafa, na mara nyingi hakuna mtu aliyeiharibu. Ni sindano na ndoano ya chini zilizokosana wakati, na kosa lenyewe ni la milimita moja au mbili tu. Kuna kipimo cha chuma, kidogo kuliko kidole gumba, kinachoonyesha kosa hilo. Kikundi kinaweza kuchongesha kipimo hicho kwa fundi wa jua kali na kukitumia wenyewe.

MSHONO UNAVYOFANYIKA

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu hupita katika tundu la sindano, na wa chini hutoka kwenye bobini. Sindano inashuka mpaka mwisho, halafu inaanza kupanda. Ikishapanda kidogo tu, uzi wake unalegea na kufanya kitanzi ubavuni mwa sindano, juu ya tundu. Papo hapo ncha ya ndoano inafika, inaingia ndani ya kitanzi, inakivuta na kukizungusha kwenye bobini. Nyuzi zinafungana. Huo ndio mshono mmoja.

Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1851 Allen Wilson wa Marekani alipata hataza ya ndoano inayozunguka, na mwaka huo huo Isaac Singer naye akapata hataza ya cherehani yake. Hadi leo mashine za viwandani zinatumia ndoano inayozunguka. Zile za kukanyaga, nyingi zina ndoano inayokwenda mbele na kurudi. Njia ni tofauti, lakini shabaha ni moja: kukidaka kitanzi.

Ndoano ikiwahi, kitanzi hakijafunguka. Ikichelewa, kitanzi kimekwisha kujikunja na kuanguka. Kwa mashine nyingi, wakati mwafaka ni pale sindano inapokuwa imepanda kama milimita 2.4 kutoka chini kabisa. Kwa hesabu ya zamani hiyo ni inchi 3/32. Mafundi huita mapatano haya "taimingi".

KABLA YA KUGUSA SKRUBU YOYOTE

Hebu tusikimbilie taimingi. Mara nyingi kosa liko karibu zaidi. Fuateni orodha hii kwa mpango:

1. Wekeni sindano mpya. Sindano iliyopinda au butu hurukisha mshono hata kama mashine ni nzima.
2. Hakikisheni sindano imesukumwa juu mpaka mwisho, halafu ndipo mkaze.
3. Angalieni imetazama wapi. Upande uliochongwa kidogo juu ya tundu utazame ndoano. Upande wenye mfereji mrefu uwe kule uzi unakoingilia.
4. Namba ya sindano ilingane na kitambaa. Sindano ya hariri haiwezi jinzi.
5. Pitisheni uzi upya kutoka mwanzo, mguu wa mashine ukiwa umeinuliwa.
6. Toeni bobini na kikasha chake, mfagie pamba na vipande vya nyuzi, mtie tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai. Yanaganda.
7. Papaseni ncha ya ndoano kwa ukucha. Ikiwa ina kikwaruzo, itachana uzi. Kikwaruzo kidogo hulainishwa kwa msasa laini sana, polepole.

Na jambo moja zaidi: ikiwa nyuzi zinafanya vishada chini ya kitambaa lakini mashine hairuki, tafuteni kwanza katika mkazo wa uzi wa juu. Mara nyingi hiyo si taimingi.

Mkimaliza yote saba na bado inaruka, sasa leteni kipimo.

KIPIMO CHENYEWE

Kina vipande viwili.

Cha kwanza ni kibanio. Ni kipande kidogo cha chuma chenye mfereji, kama herufi U, kinachoingia kwa ubavu kwenye nguzo inayoshika sindano. Kina skrubu moja ya kukibana. Mwambieni fundi mwisho wa skrubu auwekee shaba, maana chuma kwa chuma kitaikwaruza nguzo, na nguzo iliyokwaruzwa itakula bushi yake.

Cha pili ni kibao bapa chenye unene wa milimita 2.4, kilichokatwa mfereji kama uma ili kiipanue nguzo pande zote mbili.

Kazi hii inawezekana Kamukunji, Kariobangi, au kwa fundi yeyote wa kijijini mwenye vaisi, tupa na msumeno wa chuma. Nguzo za mashine hazilingani unene, kwa hiyo bebeni mashine yenyewe ili fundi apime. Unene wa kibao ndio wa kuangalia sana. Kama hamna cha kupimia, nunueni hadweani biti ya drili ya inchi 3/32 mkalinganishe na shina lake, si ile sehemu inayokata. Kibao kikipotea, shina hilo hilo linaweza kushika nafasi yake kwa muda.

NAMNA YA KUKITUMIA

Kwanza usalama. Mashine ya kukanyaga, toeni mkanda. Ya umeme, chomoeni waya ukutani. Mguu wa mtu ukigusa kanyagio wakati vidole viko chini ya sindano, kutakuwa na kilio.

1. Toeni uzi, mguu wa mashine, bamba la sindano na kikasha cha bobini ili ndoano ionekane vizuri. Washeni tochi.
2. Zungusheni gurudumu la mkono kuelekea kwenu, siku zote kuelekea kwenu, mpaka sindano ifike chini kabisa.
3. Ingizeni kibao kwenye nguzo, kiguse bushi, yaani pale nguzo inapotokea kwenye kichwa cha mashine.
4. Wekeni kibanio chini ya kibao, kisukumeni juu mpaka vyote vishikane, halafu kazeni skrubu.
5. Chomoeni kibao. Sasa kuna nafasi ya milimita 2.4 kati ya kibanio na bushi.
6. Zungusheni gurudumu polepole mpaka kibanio kiguse bushi. Simameni hapo. Msilazimishe.

Sindano sasa imepanda kiasi kile kinachotakiwa, wala si kwa kubahatisha. Angalieni mambo matatu:

• Ncha ya ndoano iwe katikati ya sindano, isiwe imepita wala haijafika.
• Ncha hiyo iwe juu ya tundu la sindano kwa kama milimita moja na nusu.
• Kati ya ncha na sindano kuwe na nafasi ndogo sana, isizidi unene wa karatasi ya daftari. Zisigusane.

KUREKEBISHA

Kabla ya kulegeza chochote, pigeni alama kwa kalamu ya wino au msumari mwembamba, ili mkishindwa mrudi pale mlipoanzia. Anayelegeza bila alama ni kama mtu anayeingia msituni usiku bila tochi.

Kama ncha iko katikati lakini inapita penye tundu au chini yake, sindano iko juu mno. Fungueni kifuniko cha upande wa kushoto wa kichwa, legezeni skrubu inayobana nguzo, shusheni nguzo kidogo sana, kazeni. Kama ncha inapita juu sana ya tundu, ipandisheni. Chungeni nguzo isijizungushe. Kumbukeni pia kwamba nguzo ikisogea, kibanio kimesogea nayo. Kwa hiyo legezeni kibanio mpime upya tangu hatua ya pili.

Kama urefu ni sawa lakini ncha inafika mapema au inachelewa, mashine ya viwandani hurekebishwa kwenye ndoano yenyewe. Ndoano ina skrubu ndogo, mara nyingi tatu. Zikilegezwa, ndoano huzungushwa mpaka ncha ikutane na sindano, halafu hukazwa zote. Mashine nyingi za namna hii zina mistari miwili kwenye nguzo inayofanya kazi ya kibao. Ikiwapo, tumieni mistari hiyo. Na kama mna kitabu cha mashine, kitabu ndicho hakimu.

Kwa zile za kukanyaga, ndoano kwa kawaida haina skrubu ya kuisogeza. Kinachosogezwa ni nguzo. Ikiwa urefu ni sawa na bado ncha iko mbali na sindano, basi kuna kilichochakaa au kulegea chini. Hapo mwiteni fundi, lakini sasa mtamwambia kosa liko wapi.

Wanaoshona blanketi za viraka wapime mara kwa mara. Kitambaa kinene, kinachovutwa huku na huku, hukunja sindano na kuitoa kwenye njia yake.

KIPIMO HAKINA UNDUGU

Kikundi kimoja cha akina mama kilibeba mashine yao kwa matatu hadi kwa fundi hapa Buruburu, katika vile vibanda vilivyojengwa mbele ya nyumba. Ilikuwa imesimama wiki tatu. Ubaya zaidi ni kwamba wanachama walikuwa hawasemezani. Aliyeitumia mwisho alikuwa kijana wa miezi miwili kwenye chama, na mkutano ulikuwa umeazimia alipe au atoke. Tayari mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ametaja bei.

Fundi aliweka kibanio akazungusha gurudumu. Nguzo ilikuwa imepanda. Skrubu yake haikuwa imekazwa vizuri kwa muda mrefu, na siku moja sindano ikagonga zipu ya jinzi, nguzo ikaruka juu. Zipu hiyo ingeweza kugongwa na yeyote kati yao. Aliishusha, akapima tena, akashona kipande cha kaki mbele yao bila kuruka hata mara moja. Mwenyekiti ndiye aliyesema, "Mama, kumbe tulikuwa tunamfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya skrubu."

Kwa sababu hiyo tunasema kipimo hiki ni chombo cha kikundi na si cha fundi peke yake. Mashine ikiharibika bila kipimo, tunatafuta mtu. Tukiwa na kipimo, tunatafuta kosa.

HESABU YA KIKUNDI

Tuchukue mfano. Hizi si bei za soko, wekeni zenu. Mashine inashona kaptura 4 kwa siku, na ufundi wa kila moja ni shilingi 150. Hiyo ni shilingi 600 kwa siku. Ikisimama siku 8 kumngoja fundi, mmepoteza shilingi 4,800 kabla hata ya kumlipa na kulipa nauli. Wateja waliokwenda kwingine hawamo katika hesabu hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 2020, wakati wa Corona, serikali ilipoamuru watu wavae barakoa, mashine nyingi zilizokuwa zimelala pembeni zilitafutwa haraka. Waliokuwa wametunza zao walianza kazi siku hiyo hiyo. Nafasi kama hiyo haipigi hodi mara mbili.

MASHARTI MANNE YA KUTUNZA

1. Wafundishwe watu wawili au zaidi, siyo mmoja. Mmoja akiolewa mbali au akiugua, ujuzi usiondoke naye.
2. Kipimo kikae na mweka vifaa, kimepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa. Kiandikwe katika orodha ya mali ya kikundi.
3. Kila mashine iwe na daftari lake: tarehe, kosa lililoonekana, kilichosogezwa, na nani alisogeza.
4. Asiyefundishwa asilegeze skrubu ya nguzo wala ya ndoano, hata akiwa mwenyekiti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mara ya mwisho mashine yetu iliposimama, tulianza kwa kupima au kwa kulaumu?
2. Ni nani kati yetu mwenye macho mazuri na mkono mtulivu wa kujifunza kazi hii? Je, vijana tumewafikiria?
3. Tukipiga hesabu kwa bei zetu, siku moja ya mashine kusimama inatugharimu shilingi ngapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Badilisheni sindano, safisheni mashine kwa orodha ile ya mambo saba, halafu mshone mstari mmoja juu ya kipande cha kaki. Hesabuni mishono iliyoruka, mwandike katika daftari. Kama ipo hata mitatu, mtumeni mtu kwa fundi wa jua kali na mchoro wa kibanio na kibao. Januari haiko mbali.