Unakusanya Sanamu za Anime? Panga Pesa Kabla Mzigo Haujatoka Japani

Januari moja, mwenzetu hapa ofisini alipata barua pepe tatu ndani ya wiki moja, zote kutoka duka moja la Japani. Zote zilisema kitu kile kile: sanamu uliyoagiza imefika, tafadhali lipa. Ya kwanza aliiagiza Aprili, ya pili Juni, ya tatu Agosti. Siku za kuagiza hakutoa hata shilingi moja. Kila sanamu ilikuwa na mwezi wake wa kutoka, lakini mbili zilicheleweshwa na zote zikaangukia Januari.

Na Januari unaijua. Karo ya mdogo wake ilikuwa inangoja, kodi ya nyumba inangoja, na Krismasi imeshakausha mfuko. Alilipia sanamu zote tatu, kisha akachukua mkopo wa simu ili alipe nyumba. Mama yake alipouliza mbona anakopa na ana kazi, alijibu, "Ni mambo ya kazi tu, Mum."

Ametukubalia tusimulie, mradi jina lisitajwe. Tunasimulia kwa sababu wateja wetu wengi wako kwenye mtego huo huo, na unaepukika.

Kwanza, kwa nini watu wanazipenda?

Kama hujawahi kuzishika, ni rahisi kucheka. Lakini ukiiona sanamu nzuri kwa karibu, unaelewa. Kuna zile ndogo za Nendoroid za kampuni ya Good Smile Company, zilizoanza kutoka mwaka 2006. Zina kichwa kikubwa, urefu wa sentimita 10 hivi, na nyuso za kubadilisha: leo anacheka, kesho analia. Kuna zile za vipimo kama 1/7, yaani mhusika wa sentimita 160 anakuwa na sanamu ya sentimita 23 hivi. Hapo unaona mikunjo ya nguo, nywele zinazopepea, hata kucha zimepakwa rangi. Halafu kuna sanamu za zawadi, ambazo Wajapani huzishinda kwenye mashine za kunyakua vitu katika kumbi za michezo. Zikiuzwa tena, hizo ndizo nafuu, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Vitabu vya sanaa, ambavyo Wajapani huviita gashu, vina utamu tofauti. Chukua kazi za Kazuo Oga, mkurugenzi wa sanaa wa filamu ya My Neighbor Totoro ya mwaka 1988. Kwenye filamu, mashamba yake yanapita nyuma ya wahusika kwa sekunde chache. Kwenye kitabu, unakaa na picha moja dakika kumi na unaona brashi ilipopita. Maandishi ni ya Kijapani, lakini picha haihitaji mkalimani.

Aibu iko wapi?

Wacha tuongee ukweli. Una miaka 26, una kazi, halafu mgeni anaingia na kuuliza, "Hii midoli ni ya mtoto wako?" Binamu mdogo anataka kuichezea, na mkono wa sanamu ni mwembamba kuliko kijiti cha kibiriti. Zingine nguo zimepungua kiasi kwamba ukisikia shangazi yuko getini, unaigeuza iangalie ukuta.

Hayo yote tunaweza kuyacheka. Aibu inayoumiza ni ile ya bei. Mwenzetu anasema hakuona haya kuwa na sanamu. Aliona haya kutaja pesa. Akiulizwa, alikuwa anasema "elfu tatu hivi" kwa kitu cha zaidi ya elfu ishirini. Ukianza kudanganya watu wa nyumbani kuhusu bei, baada ya muda unajidanganya hata wewe, kwa sababu hutaki kupiga hesabu yote.

Basi tuipige pamoja.

Bei ya dukani si bei ya nyumbani

Tuseme sanamu ni yeni 15,000 na kusafirisha ni yeni 6,000. Kwa hesabu rahisi, tuseme yeni 1 ni senti 90 za Kenya.

- Sanamu: shilingi 13,500
- Usafirishaji: shilingi 5,400
- Jumla kabla ya kodi: shilingi 18,900
- Ushuru wa forodha, tukitumia asilimia 25 kwa mfano: shilingi 4,725
- VAT ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru: shilingi 3,780

Tayari umefika shilingi 27,405, na bado hujaweka ada za IDF na RDL, wala malipo ya anayekutolea mzigo. Weka 28,500 akilini. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bei uliyoiona kwenye skrini. Kiwango cha ushuru hutegemea bidhaa imewekwa kundi gani, kwa hivyo uliza kabla ya kuagiza. Angalia pia kwamba kodi zinaweza kupigwa hadi kwenye nauli ya mzigo, si kwenye sanamu peke yake.

Jambo lingine ni boksi. Kampuni nyingi za kurusha mizigo hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ukubwa unapozidi uzito. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2, hata kama ndani kuna sanamu ya kilo moja na nusu na hewa tupu. Huduma ya posta ya EMS kutoka Japani hutumia uzito halisi, kwa hivyo linganisha kwanza. Kwa vitabu, hesabu inageuka: boksi ni dogo lakini karatasi ni nzito.

Oda ya mapema ni deni

Sanamu nyingi mpya huuzwa kwa oda ya mapema, miezi kadhaa kabla hazijatengenezwa. Maduka mengine hayachukui pesa hadi mzigo ufike kwao. Inaonekana kama bure, na hapo ndipo tunapojisahau. Umeahidi pesa za mwezi ambao hujauona, na kiwanda kikichelewa, mwezi huo unabadilika bila kukuuliza. Ukikataa kulipa, duka linaweza kuifunga akaunti yako.

Tunashauri hivi:

1. Andika kila oda mahali pamoja. Jina, mwezi wa kutoka, na bei kamili hadi mlangoni, si bei ya duka.
2. Anza kulipa siku unayoagiza, lakini jilipe wewe. Kama ni 28,500 na imebaki miezi minane, weka shilingi 3,600 kila mwezi kwenye akiba iliyofungwa. Sanamu ikichelewa, pesa inangoja.
3. Kama huwezi kuweka akiba ya mwezi wa kwanza, usiagize. Hicho ndicho kipimo.
4. Kagua kadi yako pepe. Duka linaweza kukata pesa miezi minane baadaye. Kama kadi imeisha muda au namba zake zimebadilika, malipo yatakataliwa na oda yako inaweza kufutwa.
5. Usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya sanamu. Tunajua ni sisi tunasema. Mkopo una kazi yake, na hii si mojawapo.

Ukinunua hapa nyumbani

Wengi hununua kwa wauzaji wa Instagram na WhatsApp, au kwenye maonyesho ya Nairobi kama NAICCON. Kwenye maonyesho unaishika kwa mkono. Mtandaoni kuwa macho. Sanamu bandia huwa na ngozi inayong'aa kama mafuta, rangi iliyovuka mpaka wake, viungo vyenye nafasi, na boksi lisilo na nembo ya mtengenezaji. Bei ikiwa robo ya ile ya Japani, jiulize nani anakula hasara.

Omba picha ya sanamu ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo. Lipia kwa Till badala ya namba binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Muuzaji akisema "tuma deposit haraka, kuna mwingine anaitaka", mwache huyo mwingine aichukue. Na kama umeshatuma kimakosa, tupigie mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Na mwenzetu je?

Alimaliza mkopo Aprili. Sanamu moja aliiuza kwa shabiki mwenzake, na kwa sababu alikuwa ametunza boksi, hakupoteza sana. Zile mbili ziko kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha, maana jua hufifisha rangi.

Mama yake alipokuja kumtembelea, alimwambia bei kamili, na ushuru juu yake. Mama alinyamaza, akaitazama ile sanamu, kisha akauliza, "Na umelipa nyumba?"

Alikuwa amelipa. Sasa ana oda moja tu, na akiba yake imefika mwezi wa tano.

Leo jioni, fungua barua pepe zako, hesabu oda ambazo hazijalipiwa, na uandike jumla kamili ya kila moja. Ukiona inakutisha, bado kuna muda wa kuongea na duka kabla mzigo haujafika.