Servisi ya Gari: Kipi Ufanye Mwenyewe, Kipi Umpe Fundi, Kipi Upeleke kwa Wakala

Mtu anaponunua gari lililotumika kutoka Japani, hesabu zake zote huishia kwenye bei, ushuru na bima. Servisi huja baadaye, na mara nyingi huendeshwa kwa mazoea. Mwenye uwezo hupeleka kila kitu kwa wakala rasmi. Asiye nao humwachia fundi wa jirani kila kitu. Mazoea yote mawili yanakula fedha. Wa kwanza hulipia ufundi wa bei ya juu kwa kazi ambayo angeimaliza mwenyewe uani kwake kwa dakika tano. Wa pili huokoa kidogo leo, kisha siku moja akanunua gia boksi nzima.

Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuchagua mahali, anza kwa kuchagua kazi. Kabla ya kufungua boneti jiulize: kazi hii ikikosewa, hasara yake ni nini? Ikiwa ni kurudia tu, fanya mwenyewe. Ikiwa ni fedha, tafuta fundi unayemwamini. Ikiwa ni injini nzima, gia boksi au roho ya mtu, nenda kwa mwenye vifaa na ujuzi wa gari hilo hasa.

Bei ya wakala inatoka wapi

Ankara ya wakala ina mambo manne: spea, ufundi, vitu vidogovidogo kama vitambaa na dawa za kusafishia, na kodi. Ufundi hukadiriwa kwa saa. Kila kazi ina muda wake uliopangwa kitabuni, na muda huo huzidishwa kwa bei ya saa moja. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya.

Chukua mfano wa kukadiria. Oili shilingi 60,000, filta ya oili 15,000, ufundi 50,000. Jumla ni 125,000, na ukiongeza asilimia 18 unafika 147,500. Hapo bado hakuna ubaya. Ankara huvimba pale inapoongezwa filta ya hewa, filta ya kiyoyozi, vipangusio vya kioo na betri, kila kimoja kikiwa na bei yake ya ufundi. Kwa hiyo usiulize "servisi shilingi ngapi?" Omba orodha ya bei kwa kila kipengele kabla kazi haijaanza, kisha kata vile unavyoweza kufanya mwenyewe. Ni haki yako, na wakala mwaminifu hatachukia.

Kazi ambazo mwenye gari anaziweza

Filta ya hewa. Kwenye Toyota nyingi ndogo, boksi lake hufungwa kwa klipu mbili. Fungua, toa filta chafu, futa vumbi ndani ya boksi kwa kitambaa, weka mpya, funga. Anayeendesha kwenye barabara za vumbi aikague kila anapomwaga oili.

Filta ya kiyoyozi. Kwa kawaida iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kisanduku huchomoka kwa mikono, na filta huvutwa kama droo. Angalia mshale unaoonyesha mwelekeo wa hewa.

Tairi. Upepo sahihi umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla tairi hazijapata moto. Ukinunua tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2321 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka dukani.

Betri. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha kuipima. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, usomaji huwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Usipopanda, tatizo huenda liko kwenye chaji na si kwenye betri, hivyo usikubali kuuziwa betri kabla ya kipimo hiki. Unapoitoa, anza na waya hasi. Unapoirudisha, malizia na waya hasi.

Maji ya rejeta na mafuta ya breki. Kagua viwango vyake kwenye matenki yake kila wiki. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya presha yatakurukia usoni.

Kumwaga oili nyumbani

Hii ndiyo kazi inayookoa fedha zaidi, na inahitaji utulivu kuliko nguvu. Tuchukue injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500, inayopatikana kwenye Probox na IST nyingi za barabarani kwetu. Inachukua lita 3.7 za oili ikibadilishwa pamoja na filta. Oili huuzwa kwa galoni ya lita 4, na wengi humimina yote. Hapo injini imezidishiwa. Ihifadhi iliyobaki kwa ajili ya kuongezea.

Washa injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, kisha izime. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa juu na magurudumu ya nyuma yamezuiwa. Likinyanyuliwa, lazima likalishwe juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza, na watu wamekufa hivyo. Matofali nayo si stendi; hupasuka bila taarifa.

Vaa glavu. Legeza nati ya kumwagia kwa spana namba 14, acha oili itoke hadi ibaki kudondoka tone moja moja. Rudisha nati ukiwa umeweka washa mpya, na uikaze kwa kiasi. Wengi huua nyuzi za sampu kwa kutumia nguvu zote. Toa filta ya zamani na uhakikishe mpira wake haukubaki umenasa kwenye injini. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha izungushe robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.4 hivi, washa injini kwa dakika moja ukikagua chini kama kunavuja, zima, subiri dakika tano, pima kwa stiki. Ongeza kidogo kidogo hadi kiwango kikaribie alama ya juu.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala ardhini. Irudishe kwenye madumu na uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachoikusanya.

Imwagwe kila baada ya muda gani? Kwa injini za kawaida za petroli, Toyota huko Japani huelekeza kilometa 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo kwa mazingira magumu. Vumbi, foleni na safari fupi fupi ni mazingira magumu, na hayo ndiyo maisha ya gari letu la kila siku. Desturi ya mafundi wetu ya kilometa 5,000 iko ndani ya mpaka salama. Anayekuambia 3,000 huku umeweka oili nzuri, muulize sababu.

Kazi za fundi wa gereji

Pedi za breki, bushi, shokapu, boljointi, plagi na kubadilisha maji ya rejeta ni kazi za fundi mzoefu. Mchague kwa mambo matatu. Kwanza, anauliza maswali na kulijaribu gari kabla ya kutaja kilichoharibika. Pili, taa ya injini ikiwaka anaipima kwa kompyuta na kukuonyesha msimbo uliosomwa, na anajua kwamba msimbo unaonyesha mahali pa kuanza kutafuta, haumwambii moja kwa moja spea ya kununua. Tatu, anakurudishia spea ya zamani bila kuombwa mara mbili.

Jua gari lako ili usilipie kisichokuwepo. Injini ya 1NZ-FE ina cheni ya taimingi, haina mkanda. Anayekutoza kubadilisha mkanda wa taimingi wa IST anakuuzia hewa. Kwa upande mwingine, 1HZ ya Land Cruiser ina mkanda, nao una muda wake wa kubadilishwa. Ukiupuuza ukakatika, injini inaweza kuharibika vibaya.

Kazi za kupeleka kwa wakala au bingwa

Gia otomatiki ndiyo kaburi la fedha nyingi. IST ya kizazi cha kwanza ina gia otomatiki ya kawaida inayotumia haidroliki ya aina ya T-IV. Vitz nyingi zilizofuata zina gia ya CVT inayohitaji haidroliki yake maalumu. Ukiweka ya aina nyingine, gia itaanza kuteleza na kuvuta vibaya, na baadaye itakufa. Ikiwa fundi hawezi kutaja jina la haidroliki ya gari lako, hiyo si kazi yake.

Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana betri ya zaidi ya volti 100, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Usiziguse. Mifuko ya hewa nayo hulipuka kwa baruti. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurudishwa kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Mpe wakala wa chapa ya gari lako namba ya chasi na uulize kama limo kwenye orodha hiyo, na kama kazi hiyo hufanywa bila malipo.

Gari jipya lenye waranti nalo lihudumiwe kwa masharti ya mkataba. Usome kabla ya kumpelekea mtu mwingine, kwa sababu kukosa servisi moja kwa wakati kunaweza kukufungia mlango wa kudai.

Spea na oili feki

Akiba yote huyeyuka ukiweka oili feki, kwa sababu injini ikinoki hakuna bei ya kurudisha. Nunua kwenye duka linalotoa risiti, ambayo kwa Tanzania ni ya EFD. Kagua kizibo na chapa, na linganisha namba ya spea na ile iliyotoka. Ukiwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mpe muuzaji namba ya chasi badala ya jina la gari tu, maana magari ya jina moja hutofautiana kwa mwaka na injini. Galoni tupu uitoboe kabla ya kuitupa, isije ikajazwa uchafu na kuuziwa mwenzako.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kilometa, kilichofanyika, aina ya oili au spea, jina la gereji na bei. Daftari litakuonyesha fedha zinakokwenda, litamzuia fundi kubadilisha kilichobadilishwa miezi mitatu iliyopita, na siku ya kuuza litampa mnunuzi sababu ya kukulipa vizuri.

Wiki hii anza na mambo matatu: soma upepo wa tairi ulioandikwa mlangoni, fungua boksi la filta ya hewa uone hali yake, na muulize fundi wako jina la haidroliki ya gia ya gari lako. Jibu atakalokupa litakuambia kazi zipi uendelee kumwachia.